Mwanamke Aliyeshika Simu ya Mume Wako

Nyumba ya wapangaji, mlango namba 6,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
S.L.P. 318.
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa wifi yangu, Mama Pacha,

Bwana asifiwe. Pokea salamu zangu nyingi, na uzipokee ukiwa umeketi. U hali gani, mama? Mgongo unaendeleaje na kuinama kwenye cherehani kutwa? Mara ya mwisho nilisikia umeshona barakoa za shule nzima mpaka vidole vikakufa ganzi. Na pacha wangu hawajambo? Yule aliyemtangulia mwenzake kwa dakika kumi bado anamwamuru kama bosi? Baba yako naye, mguu umepona? Nawaombea wote kila asubuhi kabla ya zamu, kwa majina, mmoja mmoja, na simruki mtu hata siku ambayo nimechelewa.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yanalalamika kidogo nikipanda ngazi, lakini hayo ni ya umri tu, hayaombi daktari. Bado nipo kule kule, chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa mashuka. Nikifika mbinguni nikaulizwa nilifanya nini duniani, nitasema nilikunja.

Na yeye hajambo. Najua macho yako yameruka mistari yote hiyo kumtafuta. Hajambo, wifi. Anakula, analala, na leo hii amefua mashati yake mwenyewe kisha akanigombeza kwamba nimeyaanika mabega yamepinda. Sasa rudi ukae vizuri, maana nina neno la kukuambia, na nimelibeba mpaka limenichosha.

Mwezi wa nane uliandika meseji kwenye simu yake. Niliisoma mara nyingi mpaka nikaikariri: "Wewe mwanamke uliyeshika simu ya mume wangu, kula raha zako, ila mwambie watoto wake wanamuuliza." Baada ya hapo ukaifungia namba yake, ukaifungia na yangu. Sasa mama ameniambia kwamba wazazi wako wamewaita wazee wakae kikao mwezi wa tano, ili ndoa ijulikane ipo au haipo.

Wifi, ulisema kweli. Mwanamke alikuwepo. Mwanamke huyo ni mimi.

Usiitupe karatasi, tafadhali. Nimechana barua mbili kabla ya hii, sitaki kuanza ya nne. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unitukane ukipenda. Haki unayo.

Unaijua nyumba yetu kwa picha tu, na picha nilikuwa nazipiga upande ulio safi. Vyumba ni vinne, jiko moja, bafu moja. Mimi na mdogo wangu tumegawana chumba kwa pazia, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Chumba cha pili ni cha yule mpishi wa hotelini, cha tatu cha mlinzi wa benki, cha nne kina akina dada wanaolea watoto wa watu. Kila mtu alikuwa na zamu yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa inatutosha. Hatukuwahi kuwa ndani wote kwa pamoja. Korona ilipokuja na ile amri ya kukaa ndani, ndipo tulipojua tuko wengi.

Mimi kazi haikusimama, mashuka ya wagonjwa yaliongezeka. Yeye hoteli waliyokuwa wanaijenga ilifungwa lango, mafundi wakaambiwa watapigiwa simu. Unajua kule kazini wanamwita Pimamaji, kwa vile hapigi hatua bila kile kifaa chake cha kuangalia kama sakafu imelala sawa. Siku ya mwisho alirudi nacho mfukoni. Mwiko na ndoo aliviacha, pimamaji akaja nacho nyumbani.

Mwanzoni alikuwa vizuri tu. Alipika, alifagia, alinipokea na maji ya moto mlangoni nioge kabla sijagusa kitu. Ilipofika mwezi wa tano ndipo msiba ulipotukuta.

Alikuwa na rafiki kazini, wanamwita Kinyozi, kwa sababu siku za mapumziko aliwanyoa mafundi wenzake kwenye benchi la mbao. Walipanga vigae bega kwa bega miaka mitatu. Wiki ile ya mwisho kabla hoteli haijafungwa, Kinyozi alikuwa anakohoa, akataka kuomba ruhusa. Mdogo wangu akamwambia, "Acha uvivu wewe, hicho kikohozi cha saruji. Sote tunacho. Kunywa maziwa, tumalize korido." Na kweli, wifi, mafundi wote wanakohoa. Vumbi lile wanalikohoa mpaka siku ya harusi zao. Nani angejua?

Kinyozi alilazwa, akatolewa, akarudishwa tena wodini, na tarehe ishirini ya mwezi wa tano akafariki. Alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima. Hakuna fundi hata mmoja aliyeruhusiwa kusimama pale. Mdogo wangu alipata habari kwa simu, akiwa anamenya viazi. Akaviosha vile viazi, akaviweka jikoni.

Wiki iliyofuata akaanza kupima. Aliweka pimamaji juu ya meza, akaingiza kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja. Nikaona ni kazi tu ya kupoteza muda. Akapima dirisha. Akapima kitanda changu. Siku moja nimefungua Biblia nisome, nikainuka kufuata miwani, kurudi nikakuta amekilaza kile kifaa juu ya kitabu, anainama kukitazama kwa jicho moja. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Dada, nyumba inaegemea upande. Nyie hamwoni?" Alikuwa halali, anakesha akisikiliza ukuta.

Kisha siku ya Alhamisi natoka zamu, nakuta watu wote wamesimama kwenye korido. Alikuwa amebandua vigae vya bafu, vyote vya sakafuni, bila kuvunja hata kimoja. Amevipanga kwenye korido kwa mstari, kila kimoja na namba yake kwa penseli, naye amekaa katikati yake. Mlinzi alikuwa anafoka, "Sasa tuogee wapi? Kwenye sufuria?" Mpishi akamjibu, "Sufuria zangu usiziingize humo." Wakaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia yeye. Hakuwa na hasira wala aibu. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri gari ambalo halipo.

Baada ya siku ile hakupima tena. Alilala akaelekea ukutani, na akakaa hivyo. Hakuoga, hakunyoa, chakula nilikikuta nilipokiacha. Simu ikilia aliigeuza kifudifudi. Ulipopiga wewe aliigeuza, alipopiga mama aliigeuza.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia wakati ule. Wifi, nilikuwa na sababu tano, na leo nikizitazama naona zote ni moja, nilikuwa naogopa. Mama ana presha. Wewe ulikuwa peke yako na watoto wawili wasioenda shule. Nikajisemea wiki mbili atakuwa sawa. Na tena aibu, nisikufiche. Niliwaza watu watakavyosema kwamba mtoto wa fulani amechizika huko ughaibuni, na maneno yakishatoka mtaani hayarudi. Halafu kibali chake cha kuishi kilikuwa kimekwisha muda mwezi ule ule wa tano, na ofisi ya vibali imefungwa. Nikaona nikimpeleka hospitali wataniuliza karatasi, na wakiona hazipo watamchukua kwa hali ile ile wampandishe ndege, au wamfungie mahali nisipopajua.

Basi nikafanya nilichokijua. Niliomba. Nilifunga siku tatu, nikampaka mafuta, nikamwimbia zile nyimbo za kwaya alizozipenda. Alipokuwa haamki nikaanza kumkaripia, "Mshukuru Mungu wewe uko hai, wenzako wamekufa." Ee Bwana. Kumbe hilo hilo ndilo lililokuwa linamla, nami nikawa namwongezea. Kuomba sijuti, na sijaacha. Yale makaripio ndiyo namwomba Mungu anisamehe.

Sasa meseji. Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake namlisha uji, simu ikawaka, wewe unauliza, "Mbona kimya, kuna nini?" Nikasema nikiacha hivi, huyu mwanamke atapatwa na wazimu wa pili. Nikaandika, "Niko salama mpendwa, kazi nyingi." Ukajibu haraka. Siku ya pili ukaandika tena. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa nakujibu wakati wa mapumziko, nyuma ya toroli za mashuka, nimevua glavu moja. Nilitembea na simu yake mfukoni mwangu miezi miwili.

Najua sasa jinsi ulivyonishika. Mume wako hajawahi kukuita mpendwa tangu akuoe, na mimi nilikuwa namwaga mpendwa kila mstari, na mwisho "Mungu akutie nguvu" kama naandika tangazo la kanisa. Halafu ule mtego wako. Uliandika, "Usisahau ulichoniahidi siku ile ya mvua." Mimi na akili zangu nikajibu, "Sijasahau mpendwa, nitatimiza." Kumbe hapakuwa na mvua wala ahadi! Wewe ungefaa upelelezi, cherehani inakuchelewesha.

Ile meseji yako ya mwisho ilinifikia saa tano asubuhi nikiwa kwenye mashine ya pasi. Niliisoma nikasahau mkono, shuka likaungua katikati, likatoka na alama ya kahawia kubwa kama sinia. Msimamizi wetu tunamwita Bibi Kengele, kwa sababu funguo anazivaa kiunoni na unamsikia kabla hujamwona. Ni mtu wa mbali kama mimi, ila wa kwao kwingine. Tunazungumza kwa lugha ya hapa, yeye anaivunja kwake, mimi naivunja kwangu, katikati tunaelewana. Nilidhani atanifukuza. Alilikunja lile shuka, akalitia kwenye mfuko wa matambara, akanisukuma nyuma ya toroli.

"Nani mgonjwa?" akaniuliza.

Nikasema hakuna. Akasema, "Miezi miwili unakula umesimama. Nani mgonjwa?"

Nikamwambia. Vyote, mpaka vigae. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonipunguzia mzigo. Aliniambia mume wake alikaa hivyo hivyo mwaka wa kwanza walipokuja, akiongea na redio iliyozimwa. Akasema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una watu wake wanaoutibu, na kwamba ghorofa ya chini, karibu na stoo ya dawa, yuko muuguzi wa magonjwa ya akili anayeona watu kila Jumanne bila kuuliza vibali. Nikamwambia naogopa. Akanicheka. "Atakuuliza analala saa ngapi. Hatakuuliza aliingia lini."

Jumanne tatu mfululizo nilijaribu kumtoa ndani akakataa kwa kukaa kimya tu. Mtu mzima mwenye uzito ule unambebaje? Ya nne muuguzi akasema basi, tutampigia simu tumkute hapo hapo kitandani, na nitaweka mkalimani wa lugha yenu.

Nisikie hapa, wifi, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliweka simu juu ya blanketi, nikaongeza sauti. Muuguzi akaongea maneno yake, kisha ikasikika sauti ya mama mmoja mtu mzima, Kiswahili kimetulia, kama mtu anayeongea huku anachambua mchele. Akasema, "Hodi hapo. Habari za hapo, mwanangu?"

Hakugeuka. Mimi nilikuwa nimeshika pazia. Nikajua ndiyo basi, amekataa tena.

Halafu ukutani kule ikatoka sauti, nyembamba, yenye kutu ya wiki nyingi. "Shikamoo, mama."

Unajua alivyolelewa. Mkwe wako alimchapa kwa kumpita mtu mzima bila salamu. Ugonjwa ulichukua kila kitu, wifi, usingizi, njaa, mimi na wewe na watoto, lakini salamu ya mtu mzima haukuiweza.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Sijaamka, mama. Sijaamka tangu mwezi wa sita."

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Sikutaka kusikia yasiyo yangu. Waliongea saa nzima. Mlinzi alitaka kupita akaniona ninavyolia, akageuka akarudi chumbani kwake bila kelele, yeye ambaye hafungi mlango bila kuupiga kishindo.

Tangu siku ile alikunywa kidonge kimoja kila siku baada ya kula, na kila Jumanne aliongea, kwanza kwa simu, baadaye akashuka mwenyewe ghorofa ya chini, amenyoa. Muuguzi alitueleza kwamba wamewaona wengi kama yeye mwaka ule, watu wa mbali, waliopoteza kazi, wakafiwa, wakakosa jamaa wa kukaa nao, vyote kwa wakati mmoja. Msiba wa Kinyozi haukuwa na mkeka wala mtu wa kumwambia pole, alisema, kwa hiyo aliubeba peke yake akaingia nao kitandani.

Ilimchukua muda kuthubutu kumpigia kaka wa Kinyozi. Mwezi wa kumi na moja akapiga. Akamwambia ukweli, kwamba yeye ndiye aliyemwambia ni kikohozi cha saruji. Yule kaka akasema, "Ndugu yangu, hata sisi nyumbani alituambia ni saruji. Mkewe alimsihi aende hospitali, akamwambia hivyo hivyo." Wakalia wote wawili, kila mtu upande wake wa simu. Zile mashine za kunyolea zilizobaki kazini, hoteli ilipofunguliwa, alizipaki vizuri, na mtu aliyekuwa anasafiri akazipeleka kwa mjane.

Bafu alilirudishia mwenyewe, kigae kwa namba yake. Mwenye nyumba alikuja kufoka, akaingia, akatazama chini, akatoka anauliza kama fundi ana nafasi ya kumtengenezea na jiko la ghorofa ya chini. Mlinzi siku hizi anaoga mara mbili kwa siku na kusema ni kama yuko hotelini.

Hoteli ilifunguliwa mwezi wa kwanza. Anafanya kazi siku nne za wiki. Ofisi ya vibali nayo imefungua, amepewa karatasi ya muda yenye muhuri na tarehe ya kurudi, anaitunza kama cheti cha ubatizo.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nakuambia na hili. Hajawa kama yule uliyeagana naye. Ziko asubuhi, hasa Jumatatu, ananiambia, "Dada, leo mzito," nami namwekea chai namwacha, mpaka mchana huwa imepita. Anasema polepole zaidi. Vidonge bado anakunywa na muuguzi amesema ataendelea navyo mwaka huu. Ukimpokea, mpokee ukijua hivyo.

Mimi pia niliulizwa. Siku moja nimempeleka, muuguzi akanigeukia, "Na wewe dada, unalala?" Nilitaka kusema nalala, maana ndilo jibu langu la kila siku. Kilichotoka ni kilio, wifi, kilio cha mtoto, mpaka Bibi Kengele akaja na funguo zake zote kuangalia nani amefiwa. Na mimi sasa nina nusu saa yangu ya Jumanne. Nakaa kwenye kiti, naulizwa habari zangu, na inabidi nijibu za kweli. Ni kazi ngumu kuliko mashuka, lakini natoka mwepesi. Mungu ana njia nyingi za kujibu maombi, na mimi nilikuwa nimemchagulia moja tu.

Mwezi wa kwanza, alipokuwa amepata nguvu, aliniuliza, "Mke wangu alisema nini kipindi chote kile?" Nikampa simu. Akasoma zote, zako na zangu. Hakunisemesha siku tatu. Na safari ile haukuwa ugonjwa, ilikuwa hasira safi ya mtu mzima, nami nikamshukuru Mungu kwa hasira ile. Siku ya tatu nakata kitunguu, akasimama mlangoni. "Dada."

"Abee."

"Siku ya mvua ndiyo ipi?"

Nikasema, "Nijue mimi? Wewe ndiye uliyeahidi." Akacheka mpaka akashika kizingiti. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu amri ya kukaa ndani.

Lakini usiku huo huo alikupigia akakuta umemfungia. Akajaribu tena mwezi wa pili. Nilimwambia apige simu ya mama siku utakayokuwa kwake, akakataa. Alisema hataki kukushtukiza kwa simu ya mkwe wako, ambayo huwezi kuikata kwa heshima. Anataka upokee ukijua ni yeye, kwa hiari yako, au usipokee. Nikamwambia basi aandike yeye. Akanijibu, "Maandishi yeye hayaamini tena. Wewe umeyaharibu, wewe uyatengeneze. Mimi nitampa sauti." Ndiyo maana nimekaa hapa tangu tutoke kanisani, vidole vimejaa wino, na yeye yuko upande wa pili wa pazia anajifanya amelala.

Sikupitisha habari hii kwa mama wala kwa jirani, kwa sababu sikutaka ipite kwenye midomo ya watu kabla haijafika kwako. Ugonjwa ni wake, na mke wake ni wewe. Mama nitamweleza mwenyewe, taratibu, baada ya kujua umesoma. Nakuomba usimwambie bado.

Ninachokuomba ni kimoja. Kabla wazee hawajakaa, msikie. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne, saa kumi jioni kwa saa za kwenu, atapiga. Ifungue namba yake siku hiyo tu. Ukishamsikia, amua unavyoona, na mimi sitaingilia. Kama kuna wa kuhukumiwa kikaoni, waambie wazee ni wifi yako, aliyejibu kwa niaba ya mtu bila kutumwa. Yeye hakukutoroka, wala hakuwa na mwingine. Alikuwa mgonjwa, na mimi nikamfunika mpaka ukashindwa kumwona.

Wasalimie wazazi wako wote wawili, na kaka yako aliyesema atakuja huku na fimbo. Mwambie akija apitie kazini kwangu kwanza, tutamfulia nguo za safari. Msalimie shangazi mkubwa, na fundi saa wa kona, na mama ukimpitia. Pacha wabusu, mmoja mmoja, usianze na yule yule kila siku.

Mungu akufunike wewe na watoto, akutulizie moyo unaposoma haya, na akupe neno la kunijibu, liwe tamu au chungu. Nitalipokea. Posta wamesema barua inafika kwa wiki tatu, na kikao hakiko mbali. Anuani yangu iko juu, lakini ukiona barua itachelewa, fungua namba yangu unitumie maneno mawili tu, nimwambie apige au asubiri. Nijibu upesi, wifi.

Niliyekukosea na kukupenda,
Shangazi wa Pacha